Daftari Kwanza, Mashine Baadaye



Wasindikaji wa muhogo wa Mabamba, wilayani Kibondo, risala yenu nimeisikiliza kwa makini. Mmeomba mashine mpya, tena ya kisasa, inayoongozwa na kompyuta. Ombi hilo nimelipokea. Ila niruhusuni niulize: jana mlisindika muhogo kilo ngapi, na mkapata unga kilo ngapi?

Naona mnacheka. Basi swali limefika.

Ndugu wananchi, mwaka 2011, kwenye maonyesho ya viwanda ya Hannover, Wajerumani walitangaza kitu walichokiita Viwanda 4.0. Ni mashine zinazojipima na kupashana habari: hii inatoa taarifa kwamba imechoka kabla haijaharibika, ile inasema malighafi inakaribia kwisha. Tangu hapo Umoja wa Ulaya umekuwa ukihangaika kuwavuta na wenye viwanda vidogo, wasiachwe nyuma. Lakini kompyuta haijui kisichopimwa. Ukiipeleka kwenye karakana isiyoandika, itakosea vilevile mnavyokosea ninyi, ila kwa kasi zaidi. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tupige hesabu. Kwa kawaida kilo tatu hadi nne za muhogo mbichi hutoa unga kilo moja hivi. Tuseme mwenzetu anatumia kilo tano. Katika kila kilo 20 anapata unga kilo nne, wakati jirani yake anayetumia nne anapata tano. Hiyo moja imekwenda wapi? Huenda maganda yanamenywa manene. Huenda mashine ina meno butu. Huenda mzani wa kununulia una kasoro. Bila maandishi tutalaumu mvua, tutalaumu soko, na mwisho tutalaumiana.

Basi andikeni kwenye daftari kila siku. Simu pia mnazo tayari. Jioni kijana mmoja wa kikundi aingize hesabu za daftari kwenye simu. Mteja alipe kwa lipa namba, malipo yabaki na alama. Siku mkienda benki kuomba mkopo, mtakuwa na cha kuonyesha zaidi ya maneno.

Na shambani pia, kwa sababu muhogo mgonjwa hautoi unga mzuri hata mashine ingekuwa ya dhahabu. Ipo programu ya simu iitwayo Nuru. Unaielekeza kamera kwenye jani, nayo inakusaidia kutambua magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti. Kwa vijiji ambavyo mtandao huja na kuondoka, hiyo ni faida kubwa.

Kisha soko. Unga wenye alama ya ubora ya TBS na msimbomilia unaoanza na 620, namba ya Tanzania, unaweza kuingia duka kubwa lolote la Dar es Salaam. Lakini mkaguzi akija atauliza: mfuko huu ulisagwa lini, kwa muhogo wa nani? Jibu litatoka kwenye daftari lilelile.

Umeme wa gridi ya taifa umefika wilayani kwetu. Zamani tulikuwa na jenereta la kulisingizia. Sasa kisingizio hicho kimeondoka.

Mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Mimi nachangia mzani mmoja, utakaohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na madaftari kwa kila kikundi. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Mkinionyesha kurasa zilizojaa, tutakaa pamoja kuandika barua ya kuomba mashine hiyo, na namba za kuitetea tutakuwa nazo.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kuwa mafunzo ya wasindikaji wa Mabamba yamefunguliwa.