Mtoto Aliyevimba Si Mtoto Aliyenona

(Maneno ya hotuba kwa wazazi na majirani wa mitaa ya mjini)



Yuko mtoto ambaye watu humtazama na kumsifu kuwa amenona, kumbe yu mgonjwa. Mashavu yake yamejaa na miguu imekuwa minene, lakini nywele zake zimegeuka rangi, ngozi yake yabambuka, naye hachezi wala hacheki. Unene ule si nyama, ni maji. Ugonjwa huo huitwa unyafuzi, na madaktari huuita kwashiorkor.

Jina hilo la pili latoka katika lugha ya Kiga, ya watu wa Accra katika nchi ya Ghana. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akiwatibu watoto huko, aliueleza ugonjwa huu katika mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akautangaza kwa jina walilolitumia wenyeji. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto pindi mdogo wake azaliwapo. Wenyeji wale walikuwa wameona vyema: mtoto alipoachishwa maziwa ya mama, akapewa uji mtupu wa mahindi, tumbo lilijaa lakini mwili haukupata vyote ulivyohitaji.

Mambo hayo hayako mbali. Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera, Mathare na Korogocho, akina mama wengi huondoka alfajiri kutafuta kibarua cha kufua nguo, na mtoto huachwa kwa jirani anayelea watoto wengi pamoja. Huenda siku nzima akala uji mwepesi tu, au chai ya rangi na kipande cha mandazi. Maji yakiwa machafu huhara, na hata kile kidogo alichokula humpotea. Mama huyo hakosi upendo. Hukosa nafasi na fedha.

Zamani mtoto aliyedhoofu sana alilazwa hospitali majuma mengi, na mama mwenye watoto wengine nyumbani alishindwa kukaa naye. Lakini katika mwaka wa 2007 Shirika la Afya Ulimwenguni, UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula yalitamka pamoja kwamba mtoto aliyekonda sana, iwapo ana hamu ya kula wala hana ugonjwa mwingine mzito, aweza kutibiwa akiwa kwao. Hupewa rojo la njugu, maziwa ya unga, sukari na mafuta, lililotiwa vitamini na madini, na kila juma hurudishwa kliniki apimwe. Rojo hilo ni dawa: ndugu zake wasigawiwe, wala lisiuzwe.

Kazi iliyo kubwa, basi, ni kumtambua mtoto mapema. Wahudumu wa afya wa mtaa huwa na utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijani, sentimita 12.5 na zaidi, ni salama. Manjano, kuanzia 11.5 bila kufika 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni hatari, na mtoto apelekwe kliniki siku ile ile. Aliyevimba aweza kuupita utepe huo. Yeye hujulikana kwa kidole. Miguu yote miwili ibonyezwe kwa juu kwa sekunde 3. Shimo likibaki katika yote miwili, isingojewe kesho.

Kinga yake yapatikana hata sokoni mtaani. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake yatosha. Kisha mtoto aanzishiwe chakula huku akinyonya hadi miaka 2 au zaidi. Uji uwe mzito. Ugali au viazi vichanganywe na maharagwe yaliyopondwa au omena waliosagwa, pamoja na mboga za majani na mafuta kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja ale mara 3 au 4 kwa siku, maana tumbo lake ni dogo. Na awe na sahani yake mwenyewe, maana mikono ya wakubwa ni myepesi kuliko wake.

Kizuizi kilichobaki ni aibu. Mama huogopa kuambiwa kuwa hana kitu, akamfunika mtoto nguo asionekane. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua. Kwa hiyo jirani asicheke wala asinong'one. Amshike mama mkono waende pamoja kliniki, au amlindie watoto waliobaki.

Katika mwaka wa 2014, kati ya kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, watoto 26 walikuwa wamedumaa. Katika mwaka wa 2022 walikuwa 18. Hesabu imeshuka, na yaweza kushuka tena. Maana kila mmoja wa hao 18 ana mlango wake, na kila mlango una jirani.