Chakula Kibichi na Uzito wa Mwili: Kipi Kiliwe Kibichi, Kipi Kipite Jikoni

(Hotuba iliyotolewa Lagangabilili mbele ya wanachama wa hekalu na majirani, katika maadhimisho ya mwaka)



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo watu huulizana baada ya ibada, na hata sokoni: je, mtu anayetaka kupunguza uzito aache kabisa chakula kilichopikwa, ale matunda, mboga mbichi, karanga na nafaka zilizolowekwa tu? Swali hili halipaswi kupuuzwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Pamoja na uzito huo huja shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti. Anayeuliza njia ya kuupunguza anaulizia afya yake, na anastahili jibu la kweli.

Jibu langu ni hili: chakula kibichi hupunguza uzito, tena sana. Kwa sababu hiyo hiyo kinahitaji kiasi. Mizani husema kilo ngapi zimeondoka. Haisemi kama zilizoondoka ni mafuta, ni misuli, au ni nguvu ya damu.

Katika jumuiya yetu mazungumzo haya hayapiti bila Mahatma Gandhi kutajwa, nasi tumtaje kwa ukamilifu. Mwaka 1893, akiwa wakili kijana wa miaka 23, alisafiri kutoka Bombay kwenda Afrika Kusini, na njiani alifika Lamu, Mombasa na Zanzibar. Mwaka huo huo, akiwa Pretoria, alijaribu kuishi kwa vyakula visivyopikwa: ngano iliyolowekwa, njegere, zabibu kavu na matunda ya kokwa. Aliandika kila siku alichokula na jinsi mwili ulivyokipokea, na taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1894 katika gazeti la wasiokula nyama. Njaa haikumwachia, nguvu zilipungua, na jaribio halikufika hata mwezi mmoja. Mwaka 1929 alirudia tena, safari hii pamoja na wenzake, na akawa anawaeleza wasomaji wa gazeti lake mambo yanavyokwenda. Uzito ulishuka, lakini baada ya miezi michache aliugua tumbo la kuhara damu, akaacha jaribio na kurudi kwenye maziwa ya mbuzi.

Wako wanaolikumbuka jaribio lile na kusahau mwisho wake. Mimi naona mwisho ndio wenye mafunzo makubwa zaidi. Mtu yule hakukosa nia wala uvumilivu. Dunia nzima ilijua uwezo wake wa kufunga. Hata hivyo, mwili uliposhuhudia kwamba njia haifai, aliupokea ushahidi wake na kuutangaza.

Ushahidi wa watu wengi zaidi ulipatikana Ujerumani. Mwaka 1999 watafiti wa Giessen walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 513 waliokuwa wakiishi kwa chakula kibichi kwa muda mrefu. Kwa wastani wanaume walikuwa wamepungua kilo 9.9 na wanawake kilo 12. Anayesikia hapo atashangilia. Lakini robo ya wanawake wale walikuwa wamekonda kupita kiwango cha afya, na katika kila wanawake kumi waliokuwa chini ya miaka 45, takribani watatu walikuwa na hedhi iliyovurugika au iliyokoma kabisa. Mama zangu na dada zangu, hedhi inapokoma kwa kukosa chakula, mwili unasema kwamba hauna akiba ya kutosha kubeba mimba. Hakuna mizani inayoonyesha jambo hilo.

Kwa nini chakula kibichi hupunguza uzito kwa kasi hiyo? Sababu ya kwanza ni maji na nyuzinyuzi. Gramu 100 za tango zina takribani kalori 15, za nyanya 18, za tikiti maji 30. Tumbo hujaa kabla nishati haijawa nyingi. Sababu ya pili ni kwamba wanga usiopikwa haumeng'enywi vizuri. Moto na maji huulegeza, nao mwili ukaupokea kwa urahisi. Sababu ya tatu ni kutafuna: anayetafuna sana hula polepole, na hushiba kabla ya kupitiliza. Sababu ya nne husahauliwa mara nyingi. Anayekula vibichi ameacha pia karai la mafuta na bakuli la sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takribani kalori 120. Tuhesabu basi bajia, sambusa, jalebi na ladu za msimu mmoja wa sikukuu, pamoja na vikombe vya chai vilivyotiwa sukari vijiko vitatu vitatu. Sehemu kubwa ya sifa tunayokipa chakula kibichi ingestahili kupewa uamuzi wa kuliepua karai.

Tena si kila kibichi ni chepesi. Gramu 100 za karanga zina zaidi ya kalori 560. Konzi moja ya karanga, kama gramu 30, ina nishati sawa na zaidi ya kilo moja ya matango. Korosho, tende na nazi ni vyakula bora, lakini anayevila siku nzima kwa kuwa havikupikwa atashangaa mizani ikipanda.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta watu wanaokula vyakula vya porini. Ndugu zetu Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wakiwemo wa Meatu katika mkoa wetu huu wa Simiyu. Wanakula matunda ya porini, ubuyu, asali na mizizi, na unene si tatizo lao. Hata hivyo hawajauacha moto: nyama huchomwa, na mizizi mara nyingi hubabuliwa kabla ya kuliwa. Wasukuma nao hukausha viazi vitamu vibichi kuwa michembe, lakini kwa kawaida michembe hupita chunguni kabla ya kufika mezani. Katika tiba ya Ayurveda, usagaji wa chakula huitwa moto wa tumboni, na wazee walionya kwamba vibichi vingi huulemea moto huo. Watu hawa hawakufundishana, lakini wote waliona kwamba moto una kazi yake.

Viko vyakula ambavyo bila moto ni hatari. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha; yalowekwe, maji yamwagwe, yachemshwe sana. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Mwaka 1985 huko Tarime, katika mkoa jirani wa Mara, ulizuka ugonjwa wa konzo unaopooza miguu, ukahusishwa na mihogo michungu iliyoliwa bila kutayarishwa ipasavyo wakati wa ukame. Asije mtu kutafuna muhogo asioujua kwa jina la kupunguza tumbo. Na mboga mbichi ikioshwa kwa maji machafu huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Maji ya kuoshea kachumbari yawe yamechemshwa au kutiwa dawa ya klorini, na matunda yamenywe kwa mikono iliyonawa kwa sabuni.

Tule vipi basi? Napendekeza nusu ya sahani iwe mboga na matunda, na sehemu kubwa ya nusu hiyo iliwe mbichi: nyanya, matango, karoti, kabichi iliyokatwa nyembamba, papai, embe wakati wake. Robo ya sahani iwe ugali wa dona au mtama, viazi au chapati isiyo na mafuta. Robo ya mwisho iwe dengu, choroko au kunde zilizopikwa, pamoja na mtindi. Choroko na dengu hulimwa hapa Simiyu na kusafirishwa hadi India. Itakuwa ajabu tuzipakie magunia na sisi tubaki na bisikuti. Choroko zilizochipua zinapendwa sana majumbani mwetu, lakini ni heri zipitishwe kwenye mvuke, kwa kuwa unyevu unaochipusha mbegu hustawisha vijidudu pia. Kachumbari iliwe mwanzo wa mlo, kabla ya ugali kufika.

Mpango huu unafuata pia mvua zetu. Kiangazi, mboga mbichi huadimika na bei yake hupanda. Mlo unaotegemea vibichi peke yake ungeigharimu familia pesa ya ada, ilhali dengu na mboga zilizokaushwa zimo ghalani.

Upungufu wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki unatosha. Pamoja na mizani tumia kamba: mzunguko wa kiuno usizidi nusu ya urefu wako. Asiyekula nyama wala samaki wala mayai asiyaache maziwa na mtindi, kwa kuwa vitamini B12 haipatikani katika matunda na mboga. Anayeacha na maziwa pia aulize zahanati juu ya vidonge vyake.

Wako wasiopaswa kujaribu mlo wa vibichi pekee hata kidogo: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na wazee waliodhoofika. Anayetumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini, asiache ugali ghafla kabla hajamwona daktari. Dawa itaendelea kushusha sukari ilhali chakula hakipo, na mtu anaweza kuzirai njiani au usingizini.

Kuhusu Ekadashi, inayofika mara mbili katika kila mwezi mwandamo, tunayo tayari siku ya kupumzisha tumbo. Matunda na maziwa ya siku hiyo yanatosha. Lakini sabudana iliyokaangwa kwa samli na karanga, viazi vya kukaanga na vitamutamu vya mfungo huweza kuupita mlo wa kawaida kwa uzito. Tukifunga, tufunge. Na Bhagavad Gita, katika sura ya sita, inafundisha kiasi: haimsifu mlafi, wala haimsifu anayejinyima chakula kabisa.

Ombi langu kwa kamati ya sherehe ni dogo. Katika mlo wa pamoja wa leo na wa miaka ijayo, sinia la matunda na kachumbari litangulie, na vya kukaanga vifuate kwa uchache. Na ninyi mlioanza safari ya kupunguza uzito, msiione haya kuiacha njia inayowadhoofisha. Nendeni mkapimwe uzito, damu na sukari, kisha mle kwa kufuata majibu hayo.