Tunapomfukuza Anayevuta: Dawa za Kulevya na Vijana wa Arusha na Meru



Matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2016 yalipotangazwa, shule iliyoongoza kitaifa ilikuwa Kisimiri, shule ya serikali iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru, wilayani Arumeru. Ilboru, iliyo hapa jirani, nayo ilikuwa ndani ya kumi bora. Jina hilohilo la Kisimiri husikika pia kila Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapopanda mlimani kufyeka na kuteketeza mashamba ya bangi: Kisimiri Juu, kata ya Uwiro. Siwatajii haya ili kuwaaibisha watu wa Kisimiri. Wengi wao hawajawahi kupanda hata shina moja. Nayataja kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kuna vijana wa vitabu na vijana wa bangi, na kwamba makundi hayo mawili yamelelewa katika nchi mbili tofauti. Hapa kwetu wamelelewa katika kata moja.

Bangi haikupata nafasi mlimani kwa bahati mbaya. Wameru ni watu waliopigania ardhi mpaka ng'ambo ya bahari. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akafika New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi iliyobaki imegawanywa baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, hadi kihamba kimekuwa ua. Kisha mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ukavunjika na bei ikaporomoka. Mkahawa humngojesha mkulima kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuzaa. Bangi huvunwa baada ya miezi michache, na mnunuzi huifuata mwenyewe usiku. Hesabu hiyo haimhalalishii mtu kosa, ila inaeleza kwa nini panga la serikali hukata na mwaka ujao likarudi kukata palepale. Na mtoto anayekulia pembezoni mwa shamba hilo hahitaji kutafutwa na muuzaji.

Mjini mambo yana sura nyingine. Mirungi huingia kutoka Kenya kwa njia ya Namanga, usiku na kwa mwendo wa kutisha, kwa sababu kiini chake cha kuchangamsha hupungua nguvu jani linaponyauka. Baada ya siku mbili hivi halina thamani kwa mtafunaji. Kenya ililiingiza jani hilo katika orodha ya mazao yake rasmi mwaka 2016. Kwetu ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Kijana wa bodaboda anayetaka kukesha barabarani hajali tofauti hiyo ya mpaka. Watoto wa mitaani hunusa gundi ili wasahau njaa, na gundi hiyo inaweza kuusimamisha moyo ghafla, hata siku ya kwanza. Gongo mnaifahamu. Vifuko vya plastiki vya pombe kali, vile viroba vilivyouzwa kwa bei ya pipi, vilipigwa marufuku Machi 2017, na naona hiyo ni miongoni mwa hatua chache zilizomlinda mwanafunzi moja kwa moja.

Halafu kuna unga. Kete ya heroini huvutwa ndani ya msokoto wa bangi, vijana huita kokteli, na wengine huishia kwenye sindano. Tafiti za Tanzania zimekuwa zikikuta kwamba takribani theluthi ya wanaojidunga wana virusi vya Ukimwi. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliandika habari za wanawake waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetangulia kujidunga, wakitumaini imebeba mabaki ya dawa ya kutuliza arosto. Nimelitaja hilo mara moja, silirudii. Sipendi mihadhara inayoishi kwa kutisha, maana kijana aliyeambiwa kwamba msokoto mmoja utamtia wazimu, kisha akavuta na asipate wazimu, hatamwamini tena mwalimu yule hata atakapomwambia kweli.

Kweli yenyewe ni hii. Ubongo wa binadamu haujakomaa akiwa na miaka kumi na sita. Sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia papara, huendelea kujengwa hadi karibu miaka ishirini na mitano. Bangi huvuruga kumbukumbu na umakini wakati ambao mwanafunzi anatakiwa kubeba fizikia na historia kichwani. Kwa jumla, kama mtu mmoja kati ya kumi na mmoja wanaojaribu bangi hunasa katika utegemezi. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo hukaribia mmoja kati ya sita. Nchini Sweden walifuatiliwa vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara hamsini kabla ya kuandikishwa walikuwa na uwezekano mara sita wa kuja kuugua skizofrenia kuliko wasiovuta. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani bangi ndiyo chanzo na kwa kiasi gani ugonjwa ulikuwa njiani tayari. Hata hivyo walio wengi katika kundi hilo hawakuugua. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kumtazama mwanafunzi usoni akajua kama yeye ni wa wengi au wa wachache.

Vijana huniambia: mbona huko nje wameruhusu? Wameruhusu, naam. Kanada iliruhusu Oktoba 2018, lakini kwa watu wazima. Jimbo la Quebec lilipoona umri wa miaka 18 ni mdogo mno, likaupandisha hadi 21 mwaka 2020. Anayetaka kuiga Kanada aiige mpaka mwisho.

Sasa nifike nilipokusudia. Kwa mtumiaji wa heroini tuna methadoni. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011 na huduma ikaenea mikoani. Kwa bangi, mirungi na gundi hakuna dawa ya namna hiyo. Hakuna kikombe cha kunywa asubuhi. Kinachomsaidia kijana ni ushauri nasaha wa mfululizo, mzazi anayejua mwanawe yuko wapi saa mbili usiku, marafiki wasiovuta, na siku yenye ratiba. Vitu hivyo, kwa sehemu kubwa, tunavyo mahali pamoja tu: shuleni. Na shule ndiyo tunayomnyang'anya kwanza.

Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza na kuwaondoa wanafunzi shuleni zinayataja matumizi ya dawa za kulevya katika orodha ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi, sambamba na wizi na uharibifu wa mali. Zinasema anaweza kufukuzwa, hazisemi lazima. Lakini mkuu wa shule ana wanafunzi mia nane, bodi ina hofu ya jina baya, na barua ya kufukuza huandikwa kwa nusu saa. Ushauri nasaha huchukua miezi. Kwa hiyo kijana wa kidato cha tatu aliyekutwa na kijiti mfukoni anarudi nyumbani na godoro lake. Ikiwa kwao ni mlimani, amerudishwa kando ya shamba. Ikiwa kwao ni Unga Limited au Ngarenaro, amerudishwa kijiweni mchana kutwa, asiye na la kufanya, tena akiwa na hasira. Aliyekuwa akivuta Jumamosi sasa ana wiki nzima. Ndugu zangu walimu, hapo tumemkamilishia muuzaji kazi yake.

Tumewahi kuibadili fikra kama hii. Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito aliondolewa shule na tukaambiwa kwamba akirudi atawaharibu wenzake. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba atarudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu wa kuwarejesha waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali. Shule hazikuporomoka. Napendekeza kwamba anayekutwa akitumia kwa mara ya kwanza asifukuzwe. Mzazi aitwe siku hiyohiyo, kijana apelekwe kwa daktari akapimwe afya ya akili, kisha akabidhiwe kwa mwalimu wa malezi mmoja, mwenye jina, atakayekaa naye kila wiki hadi muhula uishe. Najua walimu wa malezi ni wachache na wengi hawakupewa mafunzo ya kazi hiyo. Chuo hiki kinaweza kuyatoa, na sioni kwa nini tungoje fedha za wafadhili.

Anayeuza ni habari nyingine. Huyo ana sheria yake na sitamtetea hapa, ingawa ningependa tuulize nani alimpa mzigo kijana wa miaka kumi na saba.

Mzazi aliyekaa pale mbele anataka kuniuliza: na mwanangu asiyevuta, je? Alale kitanda cha jirani na anayevuta? Swali hilo ni la haki, wala sitalijibu kwa maneno matamu. Katika bweni tabia huambukizana kweli. Ndiyo maana naona mvutaji wa bweni ahamishiwe kutwa kwa muhula mmoja, alale kwao au kwa ndugu, ahudhurie darasa lake lilelile na kufanya mitihani yake ileile. Kwa shule za mjini hilo linawezekana kesho. Kwa shule za mlimani, ambako kijiji cha karibu ndicho chenye mashamba, ni gumu zaidi, na ndilo ningependa tulijadili kwanza katika muda wa maswali, tukianza na wakuu wa shule wa Arumeru waliomo humu.