Ugonjwa Mmoja Haufukuzi Mwingine
Maelezo ya Mganga Mkuu wa Wilaya katika mkutano wa wananchi



Tangu mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 atangazwe nchini Machi 2020, anayekohoa hutazamwa kwa jicho la shaka. Kwa kuogopa jicho hilo, wako waliojifungia ndani na kikohozi chao. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa duniani walipungua kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua, kwani mwaka huohuo vifo viliongezeka. Waliopungua ni waliofika kupimwa.

Neno langu leo ni moja: ugonjwa mmoja haufukuzi mwingine. Kifua kikuu huletwa na bakteria, UVIKO-19 huletwa na kirusi, na vimelea hivyo viwili vyaweza kukaa katika mapafu ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Maradhi yote mawili huleta kikohozi, homa na uchovu. Lakini UVIKO-19 hujitokeza ndani ya siku chache, ilhali kifua kikuu hunyemelea kwa majuma, kikipunguza uzito na kumtoa mtu jasho usiku.

Kwa hiyo, aliyekutwa na UVIKO-19 asidhani amekwisha kupata jibu la kila kitu. Kikohozi kikifika wiki mbili, aende zahanati akapimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Na wewe uliyekwisha kuanza dawa za kifua kikuu, ukipata UVIKO-19 usiziache. Kwa kawaida tiba huchukua miezi 6; anayeikatisha njiani hujiweka katika hatari ya usugu wa dawa, na mapafu yaliyokwisha kudhoofika hubeba mzigo wa maradhi mawili. Ikiwa huwezi kutoka nyumbani, mpe taarifa mhudumu wa afya wa kitongoji chako ili dawa zikufikie.

Ndugu zangu, tufungue madirisha, tuzibe mdomo tunapokohoa, tuvae barakoa tunapougua. Kinga hizo hutumika kwa maradhi yote mawili. Na jirani akikohoa, tusimkimbie, tumsindikize kituoni.