Kidonge cha Presha Si cha Kuazimana

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo tuzungumze juu ya vidonge vya presha ambavyo majirani huazimana kama chumvi. Ili tuone hatari yake, kwanza tuelewe jinsi moyo unavyopiga.

Wengi wetu tunajua kalsiamu ni ya mifupa na meno. Ni kweli. Mtu mzima ana karibu kilo 1 mwilini, na sehemu 99 kwa kila 100 ziko huko. Lakini ile kidogo inayobaki ina kazi kubwa: bila hiyo moyo husimama.

Daktari Sydney Ringer aliliona jambo hili kule London. Mwaka 1882 mioyo ya vyura aliyoichunguza ilipiga vizuri ndani ya maji ya chumvi. Baadaye akatambua kwamba maji yale yalikuwa ya mfereji, na yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, kama yale ya betri, moyo ulidhoofika mpaka ukasimama. Alipotia kalsiamu, ukapiga tena. Habari hiyo aliichapisha 1883.

Sasa, kalsiamu inafanya nini? Kila seli ya misuli ya moyo ni kama nyumba ndogo yenye milango mingi. Kwanza sodiamu huingia kwa kasi, kama kuwasha kiberiti. Kisha milango ya kalsiamu hufunguka, na umeme wa moyo unaendelea kwa kama robo sekunde. Kalsiamu iliyoingia huamsha akiba nyingine iliyo ndani ya seli. Hapo ndipo misuli hujikaza na kusukuma damu. Halafu kalsiamu inaondolewa, moyo unalegea.

Kalsiamu ikipungua sana katika damu, umeme huo huchelewa kuisha na moyo husukuma kwa unyonge. Ikizidi sana, umeme huisha mapema. Hali zote mbili zaweza kuvuruga mapigo. Ndiyo maana mwili ukipungukiwa hukopa kwenye mifupa, kama kikundi kinavyofungua akiba wakati wa shida. Deni hilo tulilipe kwa chakula: maziwa, omena inayoliwa na mifupa yake, terere na sukuma wiki.

Basi turudi kwa vidonge. Nifedipine na amlodipine hufunga baadhi ya milango ya kalsiamu, hasa kwenye mishipa ya damu. Mishipa inalegea, presha inashuka. Verapamil hugusa moyo wenyewe na kuupunguzia mwendo. Mnaona sasa? Kidonge kinachomfaa mama mkwe chaweza kumwangusha jirani ambaye presha yake iko chini, au ambaye moyo wake tayari unapiga polepole. Naye mama mkwe akigawa, dawa inamwishia kabla ya siku ya kliniki, presha inapanda tena bila yeye kuhisi lolote.

Jirani akilalamika kichwa au moyo kwenda mbio, tusimpe kidonge. Tumchangie nauli akapimwe.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ni nani kati yetu ameandikiwa dawa za presha na hawezi kuzinunua kila mwezi?
2. Tutawezaje kutenga nauli ya kliniki kutoka mfuko wetu?