Hotuba ya Katekista Siku ya Jubilei: Habari za Kabila na Cheti



Halmashauri ya Jubilei imeniagiza niseme juu ya uadui wa makabila katika nchi hizi za Maziwa Makuu, na jinsi utawala wa wageni wa zamani ulivyoupalilia. Wenzangu wamekwisha kusimulia habari za shule na hospitali zetu, nasi tumewapigia makofi. Fungu langu ni gumu kuliko yao. Lakini katika Maandiko mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kumrudisha kila mtu katika milki yake na kumwacha huru aliyefungwa. Basi si vema tuimalize sikukuu yetu pasipo kuangalia vifungo ambavyo watu wa nchi hizi wangali wamefungwa navyo.

Kwanza nataka kuwaeleza habari ya mpaka. Sisi wa Bugufi twajua ya kuwa babu zetu walikuwa chini ya Mwami wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi zilizokuwa za Wadachi, na Bugufi ikaachwa upande wa Tanganyika. Nchi ya Gisaka, iliyokuwa ya Rwanda, nayo ilikatwa ikapewa Waingereza katika mapatano ya mwaka 1919, kwa kuwa walitaka njia ya reli. Kisha, watu walipolalamika, ikarudishwa upande wa Rwanda mwishoni mwa mwaka 1923. Fikirini, ndugu zangu: kwa kalamu moja mtu wa Gisaka alifanywa kuwa wa Tanganyika, na kwa kalamu nyingine akafanywa tena kuwa wa Rwanda, naye hakuondoka katika shamba lake la migomba. Na ndugu wawili wa ukoo mmoja, huyu akiwa ng'ambo hii ya mto na huyu ng'ambo ile, wajukuu wao leo waitana wageni.

Pili nitasema habari ya kabila. Si kweli kwamba wageni ndio waliotunga majina ya Mtutsi, Mhutu na Mtwa. Majina hayo yalikuwapo kabla yao, wala hayakuwa majina ya usawa. Wakati wa Mwami Rwabugiri, aliyekufa mwaka 1895, wakulima wengi wa Rwanda walitumikishwa kazi za lazima na wakubwa wao, na dhuluma ilikuwapo. Lakini watu wote walisema lugha moja, wakamwabudu Imana mmoja, wakakaa mlima mmoja, na koo zao zilikuwa na Watutsi na Wahutu pamoja. Tena mlango haukufungwa kabisa: mtu aliyepata ng'ombe wengi na heshima aliweza, yeye au watoto wake, kuhesabiwa Mtutsi, na Mtutsi aliyefilisika aliweza kushuka.

Wazungu walipokuja walikuwa na fikira zao tayari. Mwingereza Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alikuwa ameandika kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka upande wa Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi. Aliona ufalme wenye taratibu nzuri, akadhani watu weusi hawawezi kuujenga wenyewe. Dhana hiyo ikapokewa na maofisa Wadachi, kisha na Wabelgiji waliowafuata mwaka 1916, na tena, ole wetu, na wamisionari wengi. Ikafundishwa shuleni, hata Watutsi wenyewe wakaanza kujiona kuwa taifa la watawala, na Wahutu wakaanza kuwaona Watutsi kuwa wageni. Angalieni jinsi uongo mmoja ulivyozaa watoto wawili: kiburi upande huu na chuki upande ule.

Sasa hapana budi niseme habari ya Kanisa, nami nasema kama mtoto asemavyo habari za mama yake. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Save mwaka 1900, na kazi yao njema Mungu anaijua. Lakini mwaka 1930 Askofu Classe aliiandikia serikali ya Wabelgiji akiionya isiwaondoe machifu Watutsi katika utawala, maana kwa fikira zake kufanya hivyo kungeleta ghasia. Mwaka 1931 Mwami Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa katika kiti chake na serikali, naye mwanawe Rudahigwa akatawazwa. Machifu Wahutu waliokuwapo wakapunguzwa. Shule ya Astrida ya kufundisha makarani na wasaidizi wa serikali ikawapokea zaidi wana wa Watutsi. Ilipofika mwaka 1959, katika machifu 45 wa Rwanda 43 walikuwa Watutsi. Na katika machifu wadogo 559, Watutsi walikuwa 549.

Katikati ya mambo hayo likatokea jambo dogo lililokuja kuwa kubwa kuliko yote. Katika miaka ya 1933 na 1934 serikali ya Wabelgiji ilihesabu watu, ikampa kila mtu mzima cheti, na juu ya cheti ikaandikwa kabila lake, naye mtoto akalirithi la baba yake. Tangu siku ile ule mlango niliousema ukafungwa. Mtu aliweza kutajirika au kufilisika, kujenga au kuhama; cheti chake kilibaki vilevile.

Makatekista wenzangu, sisi tunashika vitabu. Twajua nguvu ya jina likiisha kuandikwa. Katika kitabu cha ubatizo twaandika jina la mtoto, jina la baba na mama, la msimamizi, na tarehe. Na kwa kitabu hicho mtu huoa, na huzikwa. Kitabu cha serikali nacho kilikuwa na nguvu yake: kwa hicho mtu alipata shule au alikosa, alitawala au alibeba mizigo. Basi vitabu viwili vilikuwa vikiandikwa katika mlima mmoja, na watu walewale wakaandikwa katika vyote viwili. Siku ya hukumu ilipofika, wengi wa waliobatizwa walikitii kile cha serikali.

Tatu nitasema habari ya utaifa. Baada ya Vita Kuu ya pili upepo wa uhuru ulivuma Afrika yote. Katika Rwanda ukavuma kwa njia mbili. Watu wa karibu na Mwami walitaka uhuru upesi, na Wabelgiji waondoke. Wala hawakutaka kusema sana juu ya taabu ya Wahutu. Wahutu waliosoma walitaka kwanza waondolewe mzigo wa wakubwa wao. Mwezi wa Machi 1957 watu tisa miongoni mwao walitoa waraka wa kudai haki, na madai yao mengi yalikuwa ya kweli. Lakini katika waraka huohuo walikataa kabila lisifutwe katika vyeti, wakihofia kwamba likifutwa dhuluma haitaonekana tena kwa hesabu. Ndivyo mtu aliyeonewa alivyoishika silaha ya aliyemwonea, akidhani itamlinda.

Wabelgiji, walipoona kwamba machifu wanadai uhuru, wakageuka. Wale waliowatukuza miaka thelathini wakawaacha, wakawasaidia wengine. Kanisa nalo lilikuwa limebadilika, maana mapadre wapya walikuja wakiwahurumia maskini. Na barua ya Askofu Perraudin ya mwezi wa Februari 1959 ilikemea dhuluma kwa haki, lakini nayo ilisema kwa lugha ileile ya asili na makabila. Mwezi wa Novemba 1959 nyumba zikachomwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na kwetu Tanganyika. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, bendera ilibadilika na watawala wakabadilika. Cheti hakikubadilika.

Burundi walipata tumaini katika Louis Rwagasore, mwana wa Mwami, ambaye chama chake kiliwakusanya Wahutu na Watutsi na kushinda uchaguzi wa mwaka 1961. Naye akauawa tarehe 13 Oktoba mwaka uleule. Mwaka 1972 Wahutu wengi wenye elimu waliuawa huko, na waliookoka walikuja kwetu. Kongo nako, Wabelgiji walikuwa wamewahamisha watu wa Rwanda tangu mwaka 1937 wakalime na kufanya kazi Masisi. Wajukuu wa watu hao walipewa uraia kwa sheria ya mwaka 1972, wakanyang'anywa kwa sheria ya mwaka 1981. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mojawapo ya maneno yanayogombewa ni hilohilo la zamani: nani mwenyeji, na nani mgeni?

Habari za mwaka 1994 mwazijua. Tangu mwezi wa Aprili hata Julai watu wapata 800,000 waliuawa katika Rwanda, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Njiani waliwekwa walinzi wenye mapanga, na neno la kwanza walilosema lilikuwa: "Toa cheti." Wengi waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyarubuye, Nyange. Kule Nyange kanisa liliangushwa juu ya watu waliokimbilia humo, na padre wa parokia ile alihukumiwa na mahakama ya Arusha. Mwisho wa Aprili watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja, wakaja Ngara. Sisi tuliokuwa watoto tuliwaona. Na katika msafara ule walikuwamo waliokimbia kifo, na walikuwamo waliokileta.

Yupo atakayesema: "Basi makosa yote ni ya Wazungu." Sivyo, ndugu zangu. Aliyechimba shimo anayo hatia yake, na aliyemsukuma mwenziwe ndani anayo ya kwake. Wabelgiji waliondoka mwaka 1962. Serikali huru zilikuwa na miaka thelathini na miwili ya kuifuta alama ile, wala hazikuifuta, kwa kuwa zilipata faida ndani yake. Utawala wa wageni ulituachia zana mbaya. Lakini mkono ulioishika ulikuwa wa jirani, na mara nyingine wa mtu aliyekomunika Jumapili.

Tena wapo waliotuonyesha ya kuwa mtu aweza kukataa. Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi, mwanamke Mhutu aliyejitoa kwa kazi ya Kanisa, aliwaficha Watutsi mwezi wa Aprili 1994; aliweza kujiokoa, akachagua kufa pamoja nao. Tarehe 30 Aprili 1997 wauaji waliingia katika seminari ya Buta, Burundi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wakakataa, na arobaini wakauawa wakiwa pamoja. Mwezi wa Machi mwaka uleule wanafunzi wa sekondari ya Nyange, mahali palepale kanisa lilipoangushwa, waliamriwa neno hilohilo, nao wakakataa, na baadhi yao wakafa. Vijana hawa hawakuwa wataalamu wa historia. Walifundishwa na mtu. Na katika waliofundisha vijana wa Kanisa, makatekista wamo.

Sasa, tufanye nini sisi? Majirani zetu wamechukua njia mbili. Rwanda imeliondoa kabila katika vyeti, na sheria zake huadhibu kuwagawanya watu kwa kabila. Burundi, baada ya mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, ambayo Mwalimu Nyerere aliyaongoza mpaka alipofariki mwaka 1999 na Mzee Mandela akayamaliza, iliandika katika katiba yake ya mwaka 2005 mafungu ya Wahutu na Watutsi katika serikali na jeshi, ili pasiwe na wa kummeza mwenziwe. Njia ya kwanza yaweza kuficha kidonda kisichopona. Njia ya pili yaweza kukiweka wazi pasipo kukifunga. Sisi si watunga katiba, wala sitaki kuwahukumu.

Lakini katika parokia zetu neno liko mikononi mwetu. Sisi Watanzania hupenda kujisifu kwamba hatuna ukabila, na ni kweli tulipewa neema: lugha moja ya kutuunganisha, na viongozi waliokataa kuigawa nchi. Walakini mwaka 2013, walipoamriwa kuondoka Kagera watu walioitwa wahamiaji haramu, wengine waliokaa hapa miaka mingi waliondoka na watoto waliozaliwa hapa. Na wako Wakristo waliowaonyesha majirani zao kwa kidole kwa sababu ya ng'ombe au ya shamba. Majina ya "Mnyarwanda" na "Mrundi" bado hutupwa kisimani kama mawe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaweka mbele ya Baba Askofu. Jumuiya ndogo zetu zisimwulize mtu asili yake anapoomba kujiunga. Mafundisho ya kipaimara yawe na somo moja la habari hizi, pamoja na makosa ya Kanisa, maana Papa Fransisko mwenyewe aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili yake mwezi wa Machi 2017, na asiyejua kosa hawezi kulikataa likirudi. Na shamba linapogombewa, katekista asiwe shahidi wa kabila. Awe shahidi wa yale aliyoyaona kwa macho.

Kitabu cha ubatizo cha parokia hii kinaendelea kuandikwa. Jumapili ijayo tutaandika humo majina ya watoto ishirini na mmoja, na miongoni mwao wamo ambao babu zao walivuka mto. Hakuna mstari wa kuandika neno hilo, nasi tusiuongeze kwa midomo yetu.

Nimekwisha. Mungu awabariki.