Nyanya za Immokalee: Ujira wa Mchumaji na Nguvu ya Mnunuzi



Katika mji wa Immokalee, kusini mwa jimbo la Florida nchini Marekani, ambako huchumwa sehemu kubwa ya nyanya zilimwazo nchini humo majira ya baridi, ilikuwa ada ya miaka mingi kwamba kabla ya kupambazuka, wahamiaji kutoka Meksiko, Guatemala na Haiti hukusanyika uwanjani wakingoja kuchaguliwa na msimamizi, na aliyebahatika hupandishwa basi kuukuu lililokuwa la shule, ilhali aliyekosa hurejea mikono mitupu.

Shambani kipimo kilikuwa ndoo ya ratili 32. Mchumaji huijaza nyanya za kijani (kwani iliyoiva haihimili safari, na wekundu tuuonao huletwa ghalani kwa gesi ya ethilini), huitia begani, hukimbia nayo hadi kwenye lori na kumrushia mpokeaji, ndipo hesabu yake iandikwe. Malipo yalikuwa senti 50 hivi kwa ndoo. Basi aliyetaka dola 50 jioni hakuwa na budi kubeba ndoo 100, yaani ratili 3,200, mbali na kile kichuguu cha nyanya kilicholazimishwa kizidi ukingo wa ndoo, ambacho hakikulipiwa kamwe.

Wengi hudhani dhuluma hii ilitokana na kuvunjwa kwa sheria tu. Sivyo kabisa. Sheria ya 1935, iliyowapa wafanyakazi haki ya kuungana na kujadiliana na matajiri wao, iliwatenga watu wa mashamba, na ile ya 1938 ya kima cha chini cha mshahara ikawatenga vilevile, hata ilipofika 1966 ndipo baadhi yao wakaingizwa. Palipo na hali hiyo, utumwa hauko mbali: mwaka 2008 ndugu wawili wa Immokalee walihukumiwa kifungo cha miaka 12 kila mmoja kwa kuwatumikisha wachumaji kwa nguvu, ambao baadhi yao walifungiwa ndani ya lori usiku.

Umoja wa wafanyakazi wa Immokalee, ulioanza 1993, kwanza uligombana na wenye mashamba, kisha ukatanabahi kuwa bei haiwekwi nao, bali na makampuni makubwa yanunuayo kwa wingi na kushurutisha urahisi. Hivyo mwaka 2001 wakaanza kuisusia kampuni ya mikahawa ya Taco Bell, ambayo mwaka 2005 ilikubali kuongeza senti moja kwa ratili kwa ajili ya wachumaji; McDonald's ikafuata 2007, na Burger King 2008.

Mimi naona senti ile, ingawa ni haki, ilikuwa jambo dogo kuliko sharti lililoandamana nayo katika mapatano yaliyofuata: kwamba shamba litakalokiuka kanuni za kuwatendea haki wachumaji halitanunuliwa mazao yake. Kwa hofu hiyo, katika mashamba yaliyozikubali kanuni hizo, ndoo sasa haijazwi kupita ukingo, kivuli huwekwa karibu na wachumaji, na saa za kazi huhesabiwa tangu wafikapo shambani, ilhali zamani walikaa bure asubuhi wakingoja umande ukauke.